Kupima Hoja za Pande Mbili Katika Somo la Uraia

Mara nyingi mdahalo wa darasani huishia katika makofi. Washindi hutangazwa, na kila mtoto hurudi nyumbani na msimamo ule ule aliotoka nao. Mashindano hayo hufundisha ufasaha wa kusema. Hayafundishi kupima hoja.

Tungependa mwalimu mwanafunzi aliyepangiwa darasa la sita au la saba ajaribu njia nyingine, akitumia jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikusanye maoni ya Watanzania kuhusu mfumo wa vyama. Takriban watu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na Katiba ikabadilishwa mwaka 1992.

Yaandikwe hayo ubaoni, kisha waulizwe: Je, pendekezo hilo lilikuwa la haki? Kila mtoto aandike jibu lake daftarini kabla ya mtu yeyote kusema. Baadaye, anayetaka kumpinga mwenzake aieleze kwanza hoja ya huyo mwenzake, mpaka mwenyewe akiri, "Ndivyo nilivyokusudia." Anayeunga mkono vyama vingi aweze kusema kwamba watu walihofia ukabila na udini, na kwamba tangu 1965 wapiga kura walichagua kati ya wagombea wa chama hicho hicho, hata baadhi ya mawaziri wakaangushwa. Anayetetea chama kimoja naye aeleze kuwa asiyekipenda chama hakuwa na pa kugombea, na kwamba haki ya wachache haifutwi kwa kuhesabu vichwa. Hatua hii ni ngumu kuliko zote, nayo isiharakishwe.

Bila shaka atatokea mtoto wa kuuliza kama anayebadili mawazo si msaliti. Huyo akumbushwe habari za Mwalimu Nyerere. Ndiye aliyeongoza nchi ilipoingia mfumo wa chama kimoja kisheria mwaka 1965. Na mwaka 1990, akiwa bado Mwenyekiti wa CCM, alisema hadharani kwamba suala la vyama vingi laweza kujadiliwa. Hakuhama chama chake, wala hakuacha kukikosoa.

Mwishoni kila mmoja aandike jibu lake tena, pamoja na hoja iliyomgusa zaidi kutoka upande wa pili. Alama zitolewe kwa usahihi wa kuieleza hoja hiyo, si kwa kubadilika wala kwa kutobadilika. Maana mtoto wa kiongozi wa chama kijijini ataulizwa nyumbani alichofundishwa. Mwalimu naye asitaje chama chake (watoto ni hodari wa kuusoma uso wa mwalimu). Kazi hii yahitaji vipindi viwili vinavyofuatana.