Yale macho makubwa juu ya mabati ya Kibera yalimaanisha nini?

Mwaka wa 2009, msanii Mfaransa anayejiita JR alikuja Kibera na kufunika paa za keja kwa picha za macho na nyuso za akina mathe wa mtaa. Jumla ilikuwa kama mita mraba 2,000. Ukicheki zile picha zilizopigwa kutoka juu, utadhani ni ndoto: jicho moja limemeza paa nzima, na msee aliye kando yake ni mdogo kama punje ya mchele.

Sasa picha kama hii inasomwaje? Usianze na jicho. Anza na huyo msee mdogo, juu yeye ndiye rula yako. Salvador Dalí, yule Mhispania mchoraji wa ndoto, alipenda kuweka watu wadogo sana kwenye jangwa kubwa, hadi unawaskia upweke. JR alipindua hiyo hesabu. Mathe aliyezoea kuonekana mdogo akawa ndiye mandhari. Wewe uliye kwenye ndege ndiye unaangaliwa.

Ukitoka Lindi ukapanda hadi kwa reli, kulikuwa na ingine kali zaidi. Macho yalibandikwa kwa mabehewa ya treni, na nusu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mteremko chini ya reli. Treni ikipita, macho yanakutana na mdomo kwa sekunde chache, uso unakamilika, halafu unapasuka tena. Kumbuka hii ni reli ambayo waandamanaji waliing'oa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka mmoja tu baadaye, hapo hapo, nyuso za wanawake zilikuwa zinaungana. Hiyo maana haihitaji profesa.

Lakini kuna kitu picha ya juu haikuonyeshi. Ukiwa kwa kichochoro, jicho lililo juu ya kichwa chako hulioni. Unaona tu ukingo wa mabati. JR alichapisha zile picha za paa kwa plastiki ngumu isiyopitisha maji badala ya karatasi, ili zisaidie kuzuia mvua. Kwa hivyo jicho lilikuwa na maana mbili: kwa mgeni aliye juu, heshima kwa akina mama; kwa mwenye keja, usiku wa mvua bila kusongesha kitanda na kutega sufuria.

Next time ukiona mchoro wa mtaa wako ukiwa mkubwa hivi, mtafute yule mtu mdogo, kisha uulize yeye amepata nini.