Nilienda Rwanda kujitolea, nikapokonywa jembe

Siku nilipomwambia mama naenda Rwanda kujitolea miezi mitatu, aliacha kukata sukuma. “Chuo uliacha karo ilipokosekana, kazi hujapata, na sasa unaenda kufanyia watu ya bure?” Jiandae, nawe utaulizwa hivyo hivyo. Mimi sikuwa na jibu. Nilikuwa na kitambulisho cha taifa, ambacho Mkenya anavuka nacho hadi Rwanda bila pasipoti, na tiketi ya basi kupitia Kampala.

Ukifika, rudisha saa yako nyuma saa moja. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, wenzetu waliipiga marufuku 2008, miaka tisa kabla yetu. Na kabla ya kuvuka barabara kumbuka magari hupita upande wa kulia. Mimi nilisahau, mwendesha pikipiki akanitukana kwa Kinyarwanda. Sikuelewa neno, lakini nilielewa, bana.

Kazi ilikuwa Musanze, kaskazini, chini ya milima ya volkano. Baridi ya huko si mchezo. Tulikuwa tunatengeneza akarima k'igikoni, yaani bustani ya jikoni: kitalu cha mviringo kilichoinuliwa kwa mawe, kando ya nyumba, cha mboga za familia. Nikapewa jembe. Dakika kumi tu, mikono malengelenge. Mama mwenye boma alinitazama, akalichukua lile jembe bila kusema kitu, akanikabidhi mtoto wake nimshike. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maendeleo.

Halafu ikaja Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda. Asubuhi hiyo watu wazima wenye nguvu, kuanzia miaka 18 hadi 65, hutoka kufanya kazi ya kijiji: mitaro, barabara, miti. Maduka yamefungwa. Kazi ikiisha, mkutano. Usidhani kila mtu hufurahia. Ni sheria, na kijana mmoja aliniambia waziwazi angependa kulala. Lakini alikuwa amekuja, na jembe lake mwenyewe. Mimi ndiye niliyevaa tishati iliyoandikwa mgongoni kwamba najitolea. Nilienda nyuma ya mti nikaigeuza ndani nje.

Sisemi usiende. Nilipata la kufanya baadaye: kuandika orodha ya nyumba zilizopewa mbegu, kupiga picha za vitalu, kufuatilia ni vipi vilivyokauka. Kazi ndogo, lakini ilikuwa inakosa mtu. Kwa hivyo kabla hujalipa hata shilingi, uliza: nani huko ameomba nije, na nisipokuja, kazi hii ingefanywa na nani?

Uliza pia pesa zinaenda wapi. Kikundi kilichonipeleka kilinitoza hela za chakula na malazi. Jioni moja mama aliyenipa kitanda, anayenipikia isombe kila wiki, aliniuliza nililipa ngapi. Nilipomtajia alinyamaza, akaendelea kuosha sufuria. Kwake zilikuwa zimefika kidogo sana. Sikulala vizuri usiku ule.

Namba yake ninayo. Nikirudi mwaka ujao, pesa ya malazi namtumia yeye mwenyewe. Jembe nalo nimeanza mazoezi, nyuma ya ploti yetu, mama akinicheka dirishani.