Lini Kabla ya Wapi: Mgeni Mkazi na Safari ya Delta ya Rufiji

Mtaalamu wa kigeni aliyeletwa kufanya kazi Dar es Salaam hujiuliza swali lile lile kila sikukuu zinapokaribia: safari hii niende wapi? Majibu ya haraka ni Zanzibar, Bagamoyo au Arusha. Ni wachache wanaotaja Kibiti, ingawa mji huo upo kusini mwa jiji, mwendo wa kilomita zipatazo 140 kwa Barabara ya Kilwa, na katika eneo hilo njia zinagawanyika: mashariki kuelekea delta ya Mto Rufiji na bandari ndogo ya Nyamisati, magharibi kuelekea Mloka na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kusini kuelekea Daraja la Mkapa, Kilwa, Lindi na Mtwara. Wengi huupita bila kushuka. Wengine huuepuka kwa sababu ya habari za mauaji ya mwaka 2017. Hapa tutafuatilia jinsi uamuzi wa kwenda au kutokwenda unavyofanyika, kisha tutapima kama unafanyika kwa mpangilio unaofaa.

Tuanze na istilahi. Mgeni mkazi ni raia wa nchi nyingine anayeishi Tanzania kwa kibali cha ukaazi. Vibali hivyo vina madaraja matatu: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa makundi mengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Mtalii ni mgeni anayeingia kwa matembezi ya muda mfupi na kuondoka. Tahadhari ya usafiri ni tamko ambalo serikali ya nchi fulani huwatolea raia wake kuhusu usalama wa nchi nyingine. Ieleweke kwamba tahadhari si hatari yenyewe. Hatari ni uwezekano wa msafiri kudhurika. Tahadhari ni maelezo ya uwezekano huo, yaliyoandikwa na ofisi yenye wajibu wake na hofu zake.

Tofauti kubwa kati ya wageni hawa wawili ni nafasi waliyonayo. Mtalii huja na tarehe zilizokwisha kupangwa na tiketi iliyokwisha kulipwa, kwa hiyo kilichobaki mikononi mwake ni kuchagua mahali. Mgeni mkazi ana miezi na miaka. Akiahirisha safari ya mwezi wa nne, mwezi wa saba atakuwapo. Hata viingilio vya hifadhi za taifa vinaitambua tofauti hii: TANAPA hutoza viwango tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki, kwa wageni wakazi na kwa wageni wasio wakazi. Anayelipa kidogo anaweza kwenda mara ya pili na ya tatu, na hana haja ya kumaliza kila kitu katika safari moja.

Hata hivyo, nafasi hiyo ina mipaka. Mwenye kibali cha daraja B amefungwa na mwajiri aliyemwombea kibali, na mwajiri huyo mara nyingi ana masharti yake ya safari: gari lisitembee usiku, mfanyakazi asiende maeneo fulani. Nyuma ya mwajiri kuna kampuni ya bima. Bima nyingi za safari haziwajibiki mteja anapokwenda mahali ambapo serikali yake imeshauri raia wasiende. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani amechagua mwenyewe, kumbe wengine watatu wamekwisha kumchagulia: mwajiri, bima, na ofisi ya mambo ya nje ya nchi yake.

Tutazame jinsi ofisi hiyo inavyofanya kazi. Marekani, tangu mwaka 2018, hupanga nchi zote katika ngazi nne, ya nne ikiwa ni kuwaambia raia wasiende kabisa. Uingereza hutenganisha kushauri dhidi ya safari yoyote na kushauri dhidi ya safari zisizo za lazima, na huchora mipaka ya maeneo husika. Ofisi inayoandika hulaumiwa raia anapodhurika mahali ambapo haikumwonya. Ni nadra kulaumiwa kwa kuonya kupita kiasi. Kutokana na hali hiyo, tahadhari hutolewa upesi na huondolewa polepole, na mipaka yake huelekea kuwa mipana kuliko tukio lililoisababisha.

Mfano upo Mombasa. Mwezi wa Mei 2014, Uingereza iliwashauri raia wake wasiende Mombasa ila kwa safari ya lazima, na mamia ya watalii walirudishwa kwao kwa ndege. Diani haikuwamo ndani ya mipaka ya tahadhari hiyo, lakini mawakala wa utalii walifuta safari za pwani hiyo hata hivyo. Mstari uliochorwa kwenye ramani ulisomwa kwa upana zaidi ya ulivyochorwa. Mfano wa pili uko Mtwara. Baada ya kijiji cha Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020 na watu waliovuka kutoka Msumbiji, Uingereza ilishauri dhidi ya safari zisizo za lazima katika ukanda wa kilomita 20 kutoka mpaka wa Cabo Delgado. Mstari huo ni mwembamba na sababu yake inaeleweka. Asomaye kwa makini ataona kuwa haugusi Kilwa, sembuse Kibiti.

Sasa turudi Kibiti. Kati ya mwaka 2015 na 2017, wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilikumbwa na mfululizo wa mauaji yaliyofanywa na watu wenye silaha. Tarehe 13 Aprili 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa katika eneo la Mkengeni. Wengine waliouawa walikuwa wenyeviti na watendaji wa vijiji na vitongoji, pamoja na viongozi wa chama tawala katika ngazi za chini. Vyombo vya habari vilihesabu jumla ya waliouawa kuwa wapatao 40. Usafiri wa bodaboda usiku ulipigwa marufuku, na eneo lote likawekwa chini ya mkoa maalumu wa kipolisi. Kwa mgeni wa wakati ule, jibu halikuhitaji hesabu ndefu: hakuwa na sababu ya kufanya matembezi huko.

Ndani ya taarifa hizo kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni nani alilengwa. Wauaji walimfuata mwenye cheo cha kijiji na mwenye sare, si mpita njia. Hilo halikuwafanya wapita njia kuwa salama, lakini linaonyesha kwamba mzigo wa hatari ulibebwa na wenyeji ambao hawakuwa na pa kuahirishia. Mgeni alitumia nafasi yake na kubaki jijini. Mwenyekiti wa kitongoji alilala nyumbani kwake.

Jambo la pili ni habari. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi juu ya mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Anayeandika tahadhari akiwa mbali hutegemea habari za walio karibu. Mwandishi wa karibu anapotoweka, ofisi ya mbali hubaki na kumbukumbu ya mwisho iliyopata, na kumbukumbu hiyo huendelea kutumika hata hali inapobadilika. Ndivyo jina la mahali linavyobaki na woga baada ya tukio kupita. Kwa hiyo, swali la kwanza la kuuliza mbele ya onyo lolote ni tarehe yake. La pili ni mipaka yake. La tatu ni nani hasa aliyekuwa hatarini.

Tukiliweka kando suala la silaha, zipo hatari nyingine zisizotangazwa kwa sauti kubwa lakini zinazomkabili msafiri wa delta kila siku. Ya kwanza ni barabara. Barabara ya Kilwa ina lami, mabasi, malori, na watembea kwa miguu wanaovuka gizani katika vituo kama Jaribu Mpakani na Bungu. Njia za kwenda Mloka na Nyamisati hubadilika kwa mvua. Tofauti ya kuondoka Dar es Salaam alfajiri na kuondoka alasiri ni tofauti ya kufika mchana na kufika usiku, juu ya barabara ile ile.

Hatari ya pili ni maji ya bahari. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, uliokatwakatwa na mifereji ambayo ndiyo barabara za vijiji kama Salale, Kiomboni na Mbwera. Mifereji hiyo hufuata kujaa na kupwa kwa bahari, mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi mita tatu. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Mashua iliyopita mahali saa mbili asubuhi inaweza kukaa juu ya tope mahali hapo hapo saa nane mchana. Nahodha wa delta haanzi kwa kumuuliza abiria anakwenda wapi. Huanza kwa kutazama maji.

Hatari ya tatu ni maji ya mto. Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo majira ya mafuriko. Mkulima wa Rufiji amejipanga nayo tangu zamani: hulima mpunga bondeni, hukaa kwenye dungu shambani wakati wa kuwinga ndege na kuwafukuza nguruwe, kisha hurudi kijijini. Makazi yake hufuata majira. Lakini kalenda hiyo imeongezewa mkono mwingine. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na sasa sehemu ya mwendo wa mto hutegemea milango ya bwawa pamoja na mvua. Aprili 2024, mafuriko yalifunika vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei kikafuata kimbunga Hidaya, na barabara ya kusini ikakatika katika eneo la Somanga, Kilwa. Aliyepanga Kilwa wiki ile hakukosea mahali. Alikosea wiki.

Pepo nazo zina neno lake. Kibiti ni njia ya kwenda sehemu mbili zenye kalenda zinazopishana. Hifadhi ya Nyerere huonekana vizuri kati ya Juni na Oktoba, nyasi zikiwa fupi na wanyama wakisogea mtoni. Kambi nyingi hufungwa masika. Kisiwa cha Mafia, ambako watu huvuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, huwa na papa potwe kwa wingi kati ya Oktoba na Machi, majira ambayo sehemu kubwa yake ni ya kaskazi. Katikati ya mwaka kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Mtalii mwenye siku kumi atalazimisha yote mawili katika safari moja. Mgeni mkazi anaweza kuyagawa: Mloka mwezi wa nane, Mafia mwezi wa kumi na moja.

Kuna pia afya. Rufiji ni eneo la malaria, na maji yaliyotuama yana kichocho. Mgonjwa aliye katika kisiwa cha delta husafirishwa kwanza kwa boti, ndipo apate gari la kumfikisha hospitali. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza hospitali iko umbali gani, ni lazima kuuliza maji yatajaa saa ngapi.

La mwisho ni ruhusa na watu. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya Serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia humo huhitaji kibali. Anayelala kijijini hujitambulisha kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji. Baada ya yaliyotokea mwaka 2017, hatua hiyo ina uzito mkubwa kuliko adabu ya kawaida: ofisi ya kijiji ndiyo iliyopoteza watu wake, na ina haki ya kujua ni nani amefika na kwa shughuli gani. Pia ndiyo inayojua hali ya wiki hii, ambayo haimo kwenye ramani yoyote ya ubalozi.

Sasa tunaweza kuamua. Karibu kila hatari tuliyoipitia hubadilika kwa wakati zaidi kuliko kwa mahali: mauaji yalikuwa na miaka yake, barabara ina saa zake, mifereji ina maji yake, mto una masika yake, bahari ina pepo zake. Kinachobaki karibu vile vile mwaka mzima ni mbu, na dawa yake inajulikana. Utaratibu wa kawaida wa mgeni, wa kuchagua mahali kwanza na kulazimisha tarehe baadaye, umerithiwa kutoka kwa mtalii, na mtalii anaufuata kwa sababu hana mwingine. Mgeni mkazi anao. Aanze na lini, na mahali pengi alipokuwa amepafuta patarudi katika orodha yake, Kibiti ikiwemo. Asome tahadhari ya serikali yake, na asiivunje pale inapohusu eneo analokwenda, kwa kuwa bima na kazi yake vimefungwa nayo. Lakini asiipe maana ambayo walioitoa hawakuiandika. Yapo majira ambayo jibu ni hapana, kama ilivyokuwa Aprili 2017 na Aprili 2024. Jibu hilo nalo liandikwe na tarehe yake, na tarehe ikipita, swali liulizwe upya.