Zogo na Mwenye Kudurusu

Aghalabu mzazi amwonapo mwanawe ameinamia kitabu muda mrefu pasina kufaidika, fikra ya kwanza imjiayo ni kwamba mtoto huyo ni mvivu au ni mzito wa kufahamu, na ni wachache wanaotangulia kusikiliza ni sauti zipi zinazompitia masikioni wakati ule ule ambapo macho yake yako juu ya maandishi. Lakini wataalamu wa elimu ya nafsi, kwa uchunguzi wa zaidi ya miaka hamsini, wamedhihirisha kwamba zogo huipunguzia akili uwezo wake, na kwamba lawama tumtwikayo mwanafunzi mara nyingi yastahili kutuelekea sisi wakubwa, tulio na amri juu ya mahali anaposomea.

Hujja iliyo mashuhuri kuliko zote ilipatikana katika mji wa New York, kwenye skuli ya msingi nambari 98, ambayo ubavu wake mmoja ulielekea reli iliyojengwa juu ya nguzo. Treni zilipita hapo kila baada ya dakika nne na nusu hivi, na kishindo chake kilifikia desibeli 89 ndani ya madarasa ya upande huo, hali madarasa ya upande wa pili yalikuwa na desibeli 59 tu. Na ajuaye hesabu ya sauti atafahamu kwamba tofauti ya desibeli 30 ni tofauti ya nguvu mara elfu moja. Mtaalamu Arline Bronzaft, aliyeipata habari hiyo kwa mwanafunzi wake wa chuoni ambaye mtoto wake alisoma pale, alishirikiana na Dennis McCarthy kuzilinganisha alama za watoto wa pande zote mbili, na mwaka 1975 wakatangaza kwamba wale wa upande wa reli, walipofika darasa la sita, walikuwa nyuma ya wenzao katika kusoma kwa takriban mwaka mzima. Kila treni ilipopita mwalimu alilazimika kunyamaza hata kishindo kiishe, na kwa kunyamaza huko kiasi cha sehemu moja katika kumi ya wakati wa masomo ikapotea. Baadaye reli ikatiwa mipira ya kupunguza mtikisiko na madarasa yakatiwa dari za kufyonza sauti, na uchunguzi wa pili, uliotolewa mwaka 1981, haukuiona tena tofauti ile.

Dalili nyingine yatoka Munich, nchini Ujerumani, ambako mwezi wa Mei 1992 uwanja wa ndege wa zamani ulifungwa na mwingine ukafunguliwa mbali na hapo. Watafiti walikuwa wamekwisha kuwapima watoto wa sehemu zote mbili kabla ya siku hiyo, na walipowapima tena baadaye wakaona kwamba kusoma na kukumbuka kulidhoofika kwa wale waliohamiwa na ndege, na kukatengenea kwa wale waliopata utulivu.

Wala asidhani mtu kwamba madhara ni ya vishindo vikubwa peke yake. Mwenyezi Mungu amelijaalia jicho kope za kulifumba, lakini sikio halina kifuniko, na kila sauti yenye kubadilika-badilika hulifikia, apende mwenyewe asipende. Katika sauti hizo, maneno ya watu ndiyo yenye kuudhi zaidi, kwa kuwa asomaye huyatamka kimoyomoyo yale anayoyasoma na kuyashika kwa mpango wake, na mazungumzo ya pembeni huingia katika njia iyo hiyo ya fahamu yakauvuruga mpango. Jambo la ajabu ni kuwa taathira hiyo hutokea hata kama msikilizaji haielewi lugha inayosemwa, na hata sauti ikiwa ya chini. Kwa sababu hiyo wimbo wenye maneno humsumbua mwenye kuhifadhi kuliko ngoma tupu za ala, na mvumo wa pangaboi, usiobadilika, humdhuru kidogo kuliko redio inayotangaza habari chumba cha pili.

Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba makelele ya nyuma darasani wakati wa masomo yasizidi desibeli 35, kiwango ambacho skuli zetu nyingi ziko mbali nacho, khasa zile za paa la mabati lisilo na dari, ambamo mvua kubwa ikinyesha mwalimu hawezi ila kuweka chaki na kungoja. Dari katika darasa la namna hiyo ni chombo cha elimu sawa na ubao, na kamati ya skuli inayopanga matumizi ingefaa kuihesabu hivyo. Nyumbani nako hapana gharama ya kuogopwa: saa moja au mbili za jioni redio na televisheni zizimwe, wageni waketi barazani, na mwenye mtihani apewe chumba kilicho mbali na njia, au aachiwe saa za alfajiri kabla mtaa haujaamka. Mtoto aliyenyimwa utulivu huo hana uwezo wa kujipatia mwenyewe. Kumpa ni wajibu wetu, na ni insafu tuutimize kabla ya kumwuliza kwa nini hakufaulu.