Kwa Nini Maandishi ya Programu Hupungua Katika Skrini Mpya

Kwa miaka mingi watungaji wa programu za Windows walipima kila kitu kwa nukta, wakichukulia kwamba inchi moja ya skrini ina nukta 96. Herufi yenye kimo cha nukta 12 ilifikia milimita 3 hivi, nayo ilisomeka bila taabu. Mnamo 2012 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya MacBook Pro yenye nukta 220 kwa inchi. Katika skrini ya namna hiyo, herufi ile ile isipokuzwa haifiki hata milimita moja na nusu.

Windows Vista, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, ilijaribu kuivuta picha nzima ya programu kama mpira. Ukubwa ulipatikana, lakini herufi zikaingia ukungu. Lililo bora ni programu yenyewe kuuliza kipimo cha skrini, kisha kuchora kila herufi upya. Kazi hiyo si nyepesi: kipimo kikiwa asilimia 150, mstari wa nukta moja hudai nukta moja na nusu, na nusu nukta haipo!

Wafasiri wa Kiswahili wanaijua shida iliyo jirani na hiyo. Kitufe kilichopimwa kulitosha neno la Kiingereza «Save» hulikata mkia neno «Hifadhi». Mtungaji anayekiacha kitufe kijipanue kwa kufuata maandishi yaliyomo humsaidia mfasiri pamoja na msomaji mwenye macho dhaifu.