Malka za Nchi Kavu, Malka za Bahari

Mvuvi wa Wiyoni, kisiwani Lamu, hupanga maisha yake kwa mwezi na kwa upepo. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na mwenye mashua ndogo hujibanza ndani ya mwamba. Kaskazi ikitulia, huvuka nje kutafuta kilicho kikubwa. Kuna samaki wa mchana, na kuna samaki wa usiku. Riziki ya huku ni kujua lini uende wapi.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa tabianchi na usalama mara nyingi huanzia mahali pasipofaa. Husemwa kwamba joto likizidi, watu hupigana. Ukame haumpi mtu bunduki. Unachofanya ni kumsukuma atoke alipozoea, na hatari huzaliwa pale anapokuta njia ya kutokea imezibwa.

Tazama Delta ya Tana, jirani zetu. Kwa vizazi vingi Waorma walishusha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi, wakipita kwenye malka, yaani vichochoro vilivyoachwa kati ya mashamba ya Wapokomo. Ugomvi haukukosekana, lakini wazee walikuwa na namna ya kuumaliza. Kisha mashamba yakameza malka, ardhi ikaanza kugawiwa miradi mikubwa, na ukame mkali wa 2011 ukapita. Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia mapema 2013 waliokufa katika delta walishapita 100. Uchaguzi wa mwaka huo nao ulikuwa ukinukia, na siwezi kuwaondolea wanasiasa lawama zao kwa kuwatupia mvua iliyokosekana.

Bahari nayo ina malka zake. Mwaka 1998 maji yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa kwa wingi. Matumbawe yakifa, samaki wa karibu hupungua, na mvuvi hana budi kwenda mbali zaidi au kuvua saa nyingine. Lakini baada ya mauaji ya Juni 2014 huko Mpeketoni, Lamu, serikali ilitangaza marufuku ya kutoka nje usiku, na bahari ya usiku ikafungwa. Uchimbaji wa bandari mpya ya Lamu, ya mradi wa LAPSSET, ukavuruga maeneo ya uvuvi; Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru mwaka 2018 wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka huohuo ukataji wa miti ulisimamishwa nchini, na mkata boriti wa mikokoni naye akakaa bila kazi.

Kila katazo lilikuwa na sababu yake. Mikoko lazima ilindwe, maana ndiyo ukuta wetu dhidi ya maji ya bamvua na ndiyo mazalia ya samaki. Waliouawa Mpeketoni walistahili ulinzi. Kinachonisumbua ni kwamba makatazo hayo yalimwangukia mtu yuleyule, na sijaona ofisi iliyoyajumlisha. Kijana aliyezuiwa bahari ya usiku, mikoko na uwanja wa baba yake wa kuvulia alibakiwa na nini? Waliotafuta vijana wa kuwatuma walilijua jibu.

Kwa hiyo kamati ya usalama ikikaa kufunga bahari, mvuvi wa Wiyoni awe mezani, aulizwe njia ipi aachiwe, na kwa miezi mingapi.