Presha Moja, Nyumba Mbili

Wazee wawili wanapimwa presha asubuhi moja, na mashine inasoma 170 kwa 100 kwa wote. Wote wana miaka 72, wote wana kisukari, wote wanaondoka na dawa zile zile kwenye bahasha. Kwa takwimu za kliniki hao ni wagonjwa wa aina moja. Lakini mmoja anaishi Bariadi mjini na binti yake mwalimu. Mwingine ni bibi wa kijiji cha ndani huko Meatu, analea wajukuu watatu ambao wazazi wao walihamia Katavi na ng'ombe. Nimewatunga wawili hawa ili nieleweke, ingawa yeyote anayehudumia wazee Simiyu atawatambua. Baada ya miezi sita presha ya mmoja huenda imeshuka, na mwenzake kalala kitandani kwa kiharusi.

Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2.1. Ugonjwa wa uzeeni si jambo la wachache. Utafiti wa vijijini Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, ulikuta takriban watu 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi wana shinikizo la damu, na wengi wao hawakujua. Presha haiumi, ndiyo maana inaua.

Kinachouma ni mgongo na magoti. Bibi wa Meatu ndiye anayeshika jembe, maana wajukuu wako shuleni. Jioni ananunua diklofenaki dukani, ananyamazisha maumivu ili kesho arudi kupalilia pamba. Dawa hiyo inapandisha presha, inaidhoofisha dawa aliyopewa kliniki, na ikizoeleka inachosha figo ambazo kisukari kimeshaanza kuzila. Daktari akiona presha haishuki anaongeza dozi. Laiti angeuliza nani anapalilia shamba, angeanza na magoti.

Kisha kuna pesa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu. Msamaha huo una nguvu pale tu dawa ipo. Ikikosekana zahanati, mzee anaelekezwa duka la dawa muhimu, na huko msamaha hauna kazi. Pamba huanza kuuzwa Mei, fedha zinaonekana miezi michache, na ikifika Januari nyumba nzima inasubiri: shamba linataka dawa ya wadudu, mtoto anataka sare, ghala limepungua. Hapo bibi anaanza kumeza leo na kuruka kesho. Kwenye daftari lake la kliniki anaandikwa kuwa hafuati masharti ya dawa, maneno ambayo mimi ningeyafuta kabisa.

Chakula nacho kinapikwa chungu kimoja. Kumwambia ale samaki na matunda kila siku ni kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Bora kuzungumza juu ya vilivyomo ndani: ugali upungue kiasi, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ziongezeke, choroko na dengu zinazolimwa huku huku zisiishie zote mnadani. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyokaushwa, maji yametoka na wanga umebaki, kwa hiyo bakuli dogo linatosha kupandisha sukari. Jambo la hatari zaidi halisemwi mpaka uulize: chakula kikiwa kidogo, bibi anawaachia wajukuu na kulala na njaa. Kama anatumia glibenklamidi, dawa inayoshusha sukari hata tumbo likiwa tupu, anaweza kuzimia usiku, na walio naye ni watoto.

Macho yake ni mekundu. Amepika maisha yake yote kwa mafiga matatu, kwa kuni, mabua ya pamba na mara nyingine kinyesi cha ng'ombe, na moshi huo huo umemwachia kikohozi kisichoisha. Usukumani macho mekundu yamewagharimu maisha bibi wengi, walioitwa wachawi na kuuawa kwa mapanga. Sisi wa afya tunapaswa kulisema hili hadharani, kwenye mikutano ya vijiji: ni moshi, ni trakoma, ni maradhi yanayotibika. Mwanamke anayeishi akiogopa majirani zake hataita mtu usiku mdomo ukipinda na mkono ukilegea. Na kiharusi kikidhaniwa ni kurogwa, saa za kwanza, ambazo ndizo zenye thamani, zinaishia kwa mganga.

Kwa hiyo maswali kuhusu nyumba ni sehemu ya uchunguzi, sawa na kupima damu. Mayu (mama), unakula na nani? Nani anakusomea bahasha iliyoandikwa 1 x 2? Simu iko kwa nani, na namba ya siri anaijua nani? Yaulizwe kwa Kisukuma, maana wapo wazee wanaoitikia ndiyo kwa Kiswahili bila kuelewa, kwa heshima tu. Majibu yaandikwe kwenye daftari chini ya kipimo cha presha, ili muuguzi wa zamu ijayo ayaone.

Kliniki za matunzo na tiba ya VVU (CTC) zimeshatuonyesha njia. Mgonjwa wa VVU ana kadi yenye namba, anapewa dawa za miezi kadhaa akiwa imara, na akipotea anafuatwa nyumbani. Mzee mwenye presha iliyotulia hana sababu ya kufunga safari kila mwezi kwa ajili ya vidonge vile vile.

Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Kwa Meatu kiasi kama hicho kingetosha kuziba pengo la Januari. Mpaka kitakapofika, mtoto aliyeko Katavi anayetuma fedha msimu wa mavuno azigawe: kidogo Agosti, kingine kati ya Desemba na Machi, siku mbili kabla ya tarehe ya kliniki. Akipiga simu asiishie kuuliza hali, maana atajibiwa ni nzuri. Aulize vidonge vimebaki vingapi.